Gauni la Malkia na Nafasi Niliyoiacha Tupu

Vijana mnaoingia katika kazi ya mavazi ya jukwaani, nawaandikia nikiwa na hasira, na sitaificha chini ya ushauri. Ushauri mtaupata, maana nilifanya kazi hii miaka ishirini na sita hapa London na nuru ya macho yangu imeishia humo. Lakini katika mchezo wangu wa mwisho lilitokea jambo ambalo nikilikumbuka hata leo nakunja ngumi, na mlango wake niliufungua mimi mwenyewe, kwa kuwa mwangalifu kupita kiasi.

Sikusomea kazi hii. Natoka Tanga, na ukumbini niliingia na ufagio. Siku moja msimamizi wa mavazi alitoka mbio kwenye ujia akiuliza kama yupo mtu anayeweza kushona kifungo, nami nikasema naweza. Sikuwa hodari, lakini kifungo kile hakikutoka mpaka mchezo ulipomaliza msimu wake. Mengine niliyapata kwenye vitabu vya maktaba ya Lewisham, kamusi ikiwa pembeni, nikinakili michoro ya mishono katika daftari. Yaliyosalia alinipa Bwana Kuldip.

Bwana Kuldip alikuwa Kalasinga, mzaliwa wa Kisumu, mkazi wa Southall, na mkata makoti bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Chumba kizima kilizungumza Kiingereza. Sisi wawili tukiwa na letu tulisema Kiswahili, yeye cha kwao na mimi cha kwetu, na kila mmoja alimhurumia mwenzake kwa jinsi anavyokiharibu.

Mwaka wangu wa kwanza niliteketeza jeshi zima. Mjue kwamba deraya za askari jukwaani si za chuma. Ni nyuzi nene zilizofumwa kama fulana na kupakwa rangi ya fedha, na mtazamaji aliye safu ya tano huapa kwamba anaona minyororo. Mimi nilizikuta zinanuka jasho, nikazitia kwenye mashine kwa maji ya moto. Zilitoka saizi ya watoto wa chekechea, sita, zimepangana kijivu kama dagaa. Bwana Kuldip aliinua moja, akaipima kwenye goti lake.

"Dada," alisema, "sasa tutafute askari wafupi."

Kisha akanifundisha: nguo ya jukwaani isiyofulika hunyunyiziwa pombe kali isiyo na rangi, iliyochanganywa na maji, ikaachwa ikauke penye hewa. Harufu huisha. Kwa hiyo mimi, Mwislamu, nikawa mteja wa kudumu wa duka la pombe lililo nyuma ya ukumbi. "Shehe wako akikukamata," Bwana Kuldip aliniambia, "sema ni ya majeshi."

Somo lake kubwa lilikuwa jingine, na nawaomba mlishike. Nilimpima mwimbaji mmoja wa sauti nzito, nikaandika kifua chake, tukakata koti. Siku ya majaribio alifika kwenye noti ndefu, na mshono wa mgongoni ukapasuka kutoka kola hadi kiunoni. Bwana Kuldip alichukua tepu yangu akainyoosha mbele ya uso wangu.

"Huyu ni mtu wa kuimba ama ni sanamu ya dirisha ya duka? Mwambie atoe pumzi, pima. Mwambie avute pumzi yote, pima tena. Andika mbili. Nguo yake inakaa katikati ya hizo mbili, na inakubali zote."

Tangu siku hiyo kadi zangu zote za vipimo zilikuwa na safu mbili: mbavu tupu na mbavu zilizojaa. Wenzangu walicheka mwanzoni. Baadaye waliiga.

Sasa nije kwenye hasira yangu.

Kampuni moja, ambayo sitaitaja, iliamua kurudisha jukwaani mchezo wa muziki wa zamani juu ya ngano za Mfalme Arthur: upanga uliochomolewa jiweni, meza ya duara, malkia anayependwa na wanaume wawili, ufalme unaovunjika kwa sababu hiyo. Waingereza wa umri fulani hujua nyimbo za mchezo wa namna hiyo kama sisi tunavyojua za harusini. Mtayarishaji, yule bwana anayetafuta fedha na kuamua mambo yote ambayo si ya jukwaani, alikuwa amelipata gauni la Malkia la maonyesho ya zamani. Lilikuwa la mahameli ya kijani, limetariziwa uzi wa dhahabu mikononi na shingoni. Alilileta mwenyewe, amelibeba mikononi kama anayebeba mtoto aliyelala.

"Hili ndilo onyesho letu," alituambia. "Watu watakuja kuliona gauni hili. Litakuwa kwenye kila tangazo."

Kila vazi la zamani linaloingia huandikiwa fomu: vipimo, hali ya kitambaa, na swali moja la mwisho, kama linaweza kubadilishwa. Nililipima gauni kama lilivyo. Mbavu zake zilikuwa finyu sana. Lakini bitana lilikuwa limeshonwa kufungwa pande zote, nisingeweza kuona ndani kuna akiba gani ya kitambaa bila kulifumua, na ruhusa ya kufumua sikuwa nayo. Kanuni yangu ilikuwa kutoandika nisichokiona. Kwa hiyo swali la mwisho nikaliacha tupu, nikatia sahihi, nikaipeleka fomu ofisini. Nilijiona mtu wa haki.

Usaili wa Malkia ulifikia wanawake watatu. Niliitwa kuwapima mmoja mmoja, na huwa wanapimwa chumba cha kando, kwa hiyo nilisikia kila mmoja akiimba ng'ambo ya ukuta. Wa kwanza alikuwa mzuri. Wa pili alikuwa mzuri. Wa tatu alipoanza nilikuwa na pini tatu mdomoni, nikazitoa, maana niliogopa kuzimeza.

Huyo alikuwa Neema. Alizaliwa Bukavu, akaletwa Lewisham angali mdogo, akaanza kuimba kanisani kwa mama yake kabla ya kwenda chuo cha sanaa. Alipoingia kupimwa nikamwambia kwa Kiswahili anyanyue mikono. Akacheka, akanijibu kwa Kiingereza kwamba hakutegemea kuamrishwa na shangazi mahali kama pale. Hivyo ndivyo walivyo waliokulia hapa: unawaita kwa lugha yako, wanaitika kwa ya kwao, na mnaelewana.

"Toa pumzi," nikamwambia. Nikapima. "Sasa vuta yote."

Alivuta, na tepu ikanitoroka vidoleni. Tofauti ilikuwa inchi mbili na nusu. Sijawahi kuandika nyingine kama hiyo. Ile ndiyo sauti. Sauti haitoki kooni, inatoka kwenye mbavu zinazofunguka. Kwa mbavu zilizojaa, alilizidi gauni kwa inchi nne.

Siku tatu baadaye ulikuja ujumbe kwa idara zote. Neema hataendelea. Sauti yake, ulisema, ni ya kipekee, lakini kwa ushauri wa idara ya mavazi gauni la Malkia haliwezi kubadilishwa.

Idara ya mavazi ni mimi. Nilisoma sentensi ile mara nne. Sikuwa nimeshauri chochote. Nilijiambia kwamba ni kosa la mtu wa ofisini, na kwamba nitaliulizia wiki inayofuata, tukimaliza buti za askari. Naandika hivi ili mjue kwamba ningeweza kuliacha lipite. Nilikuwa na buti ishirini na mbili za kushughulikia, na sababu nyingine kumi za kunyamaza.

Jumamosi nilikuwa sokoni Lewisham, kwenye meza ya ndizi za kupika, mwanamke mmoja aliyevaa kilemba cha kitenge akanitazama halafu akanisogelea. Alikuwa mama yake Neema. Anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea, na alikuwa bado na viatu vyeupe vya kazini. Neema alikuwa amemwonyesha picha yangu, maana aliniomba tupige pamoja siku ile ya vipimo.

"Ni wewe mama wa nguo?"

"Ni mimi."

"Banasema mutoto yangu iko munene kuliko nguo." Hakupandisha sauti. "Mimi ninauliza tu, mama. Sasa nguo njo inaimba?"

Muuza ndizi aliacha kupima. Kwao Bukavu "njo" ni "ndiyo", na swali nililielewa vizuri mno.

"Wewe njo ulisema?" akaniuliza.

"Hapana, sikusema."

"Basi ulisema nini?"

Hapo ndipo niliposhikika. Sikuwa nimesema kitu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mtayarishaji kabla hajavua koti. Nilimwuliza ni lini nilimshauri kwamba gauni halibadiliki. Akaitoa fomu yangu, akaweka kidole kwenye ile nafasi.

"Hukuandika ndiyo," akasema.

"Wala sikuandika hapana."

"Katika ofisi, Zuhura, nafasi tupu ni hapana."

Vijana, mtu akikuambia neno kama hilo kwa upole, ukiwa umesimama na yeye ameketi, damu inapanda mpaka masikioni. Kwa sababu nilijua mengine. Yule aliyechaguliwa kuwa shujaa mkuu wa meza ya duara alikuwa na mabega yasiyoingia katika vazi lolote tulilokuwa nalo. Hakuna aliyeitisha kikao, tukaambiwa tumshonee jipya. Mfalme alikuwa ameongezeka kiunoni mara mbili tangu asaini, na mara mbili tulimfungulia mishono, na mara mbili alituletea chokoleti na tukacheka naye. Wanaume hushonewa nguo. Neema alikuwa ameshonewa sababu.

Sikumwambia hayo. Niliomba ruhusa ya kufumua bitana, nikague kama mahameli yameoza kwapani. Akasema sawa, huku akisoma kitu kingine.

Nilifunga mlango wa chumba cha mavazi na kufumua polepole, uzi mmoja mmoja, kwa mkasi mdogo. Ndani ya kiuno nilikuta vitambaa vyeupe vya majina. Hii ni desturi ya kazi yetu na msiivunje: kila anayevaa vazi hushonewa jina lake ndani, na jina la aliyetangulia halitolewi. Yalikuwa manne, moja chini ya jingine. Malkia wanne walikuwa wamevaa gauni lile.

Kisha nikageuza mishono ya mbavuni, nikavuta kiti, nikaketi.

Mahameli hayasahau. Ukiyashona yakatobolewa na sindano, ukafumua, tundu hubaki na manyoya hulala pale uzi ulipopita. Nje ya mshono wa sasa kulikuwa na mstari mwingine wa matundu, na nje ya huo, mwingine tena, wa zamani zaidi, wenye uzi uliokatikia ndani. Kitambaa kilichofichwa humo kilikuwa kijani kibichi kuliko cha nje. Hakikuwahi kuliona jua wala taa. Nikapima kila upande, nikajumlisha, nikafuta, nikapima upya. Kwa mstari ule wa kwanza, mbavu za gauni zilikuwa pana kuliko sasa kwa inchi tano na nusu.

Nilimpigia simu Bwana Kuldip, aliyekuwa amestaafu zamani na kazi yake sasa ni kubishana na wajukuu. Nilimweleza matundu yalivyo.

"Uzi wa kwanza ni wa pamba ama wa nailoni?"

"Pamba. Umepakwa nta."

"Na huo wa mwisho?"

"Nailoni."

"Basi unauliza nini? Mwenyewe wa kwanza alikuwa mama mwenye mwili. Hao wengine walikuja nyuma wakapunguza, wakapunguza. Dada, uzi haiwezi danganya. Enda uwaonyeshe, na usipige kelele. Ukipiga kelele watasikia kelele."

Kikao cha wakuu wa idara kilikuwa Jumatano. Mwongozaji, mwanamke aitwaye Helen, mkali lakini msikilizaji, alikuwa kichwani mwa meza. Niliweka gauni mbele yake likiwa limegeuzwa ndani nje. Watu wakainama kutazama matumbo ya kile walichokuwa wanakiita hazina. Nikamwonyesha mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu. Nikamwambia kwamba gauni hili lilikatwa kwa mwanamke aliyemzidi Neema kwa inchi moja na nusu. Anayetaka kuliheshimu lilivyozaliwa, alirudishe pale. Litamtosha.

Mtayarishaji alikunja mikono. "Si suala la gauni tu," akasema.

"Ujumbe wako ulisema gauni," nikamjibu.

"Kuna historia, Zuhura. Ni malkia wa Waingereza wa kale. Watazamaji wana picha yao kichwani."

Wosia wa Bwana Kuldip ulitaka kunitoka hapo, lakini kelele sikupiga. Niliuliza tu. "Katika mchezo huu upanga unachomolewa jiweni. Halafu mkono unatoka ziwani umeshika upanga mwingine. Nimeshona mkono wa shati lake, ni hariri, na unatoka ziwani bila kulowana. Hakuna aliyeniuliza historia ya mkono ule. Historia inaanzia kwa Neema?"

Mkuu wa taa alikohoa. Labda alikuwa anacheka, labda alikuwa na mafua.

Helen alikuwa bado anapitisha kidole kwenye matundu. "Mimi niliambiwa gauni limekataa," akasema, bila kumtazama mtu.

"Gauni halikusema kitu," nikasema. "Mimi ndiye niliyenyamaza. Niliacha nafasi tupu, na mwingine akaijaza."

"Mwiteni arudi," Helen akasema. "Aimbe akiwa amelivaa."

Nilipewa siku mbili. Nilifungua mishono mpaka mstari wa kwanza, nikapitisha mvuke kwa nyuma ya mahameli, kamwe si kwa mbele, na nikayainua manyoya yaliyolala kwa mswaki laini wa mtoto. Sehemu ile ya kijani kibichi ilibaki kama ukanda mwembamba kila ubavu, na kutoka mbali ilionekana kama imekusudiwa. Neema alilivaa Ijumaa. Alifika kwenye noti ndefu ya mwisho, na mimi nilikuwa nyuma yake nikiangalia mshono. Ulifunguka, ukatulia. Helen hakusubiri piano imalize.

Nafasi Neema akaipata. Msishangilie bado.

Kwanza jifunzeni hili, kwa sababu ndilo lililonigharimu usingizi. Fomu ikikuuliza usichokijua, andika kwamba hujui bado, na uandike unachohitaji ili ujue. Andika, hata kama mstari utakuwa mchafu. Uangalifu wangu ulikuwa mzuri machoni pangu tu. Mkononi mwa mtu mwingine ukawa kisu. Na ukikuta jina la idara yako chini ya neno ambalo hukulisema, usisubiri buti ziishe. Nenda siku hiyohiyo. Mimi nilisubiri mpaka mama wa mtu anikamate kwenye ndizi.

Pili, jueni kwamba wakishindwa kwa sababu moja hutafuta nyingine. Wiki tatu kabla ya kufungua, matangazo yalitoka. Gauni lile ambalo watu wangekuja kuliona, lile ambalo lingekuwa kwenye kila tangazo, lilipoanza kumtosha Neema halikuonekana popote. Tangazo lilikuwa na upanga na jiwe. Nilikwenda kuuliza, nikaambiwa kwamba wabunifu wameona upanga una nguvu zaidi. Sikuwa na bitana la kufumua safari hii. Tangazo la ukutani halina mshono.

Niliacha kazi msimu ule ulipoisha. Daktari wa macho ndiye aliyeamua, si hasira. Hasira ina afya njema.

Lakini kabla ya hapo, wiki ile ya matangazo, mama yake Neema aliniomba nimsindikize kituo cha Lewisham akaone tangazo la binti yake. Alikuwa amesikia kwa watu wa kanisani kwamba limebandikwa. Alikuja na kilemba kipya. Tulisimama mbele ya tangazo, abiria wakitupita kulia na kushoto, naye akalitazama kuanzia juu hadi chini, upanga, jiwe, ukungu, kisha akanigeukia.

"Mutoto yangu iko wapi hapa?"

Nikainama, nikamwonyesha jina, mstari wa pili kutoka chini, kwa herufi ndogo. Alitoa miwani mkobani, akainama nami, akalifuata jina kwa kidole mpaka mwisho. Nilidhani analia, nikaanza kutafuta maneno.

Aliponyooka alirudisha miwani mkobani, akanipa simu yake, akaenda kusimama wima mbele ya tangazo, mgongo ukigusa kioo.

"Unipige foto," akasema. "Kama banataka kujua malkia anafanana namna gani, baangalie mama yake."

Nilipiga tatu. Katika ya kwanza mpini wa upanga ulikuwa bado unaonekana kando ya kilemba, nikamwambia asogee kushoto kidogo, aufunike.